Watu wa Ndani ya Cherehani

Vuta kigoda ukae. Hicho kimevunjika mguu, basi kaa kwenye kasha, limebeba watu wazito kuliko wewe. Na uongee polepole, kuna mtu amelala chumba cha pili.

Nataka kukusimulia jinsi mimi, mzee mwenye mvi mpaka masikioni, nilivyofungua cherehani kumi na mbili kwa siku moja nikitafuta watu waliojificha ndani. Cheka tu. Mke wangu bado anacheka. Hata mimi nacheka sasa. Siku ile sikucheka.

Kwanza ujue kazi yetu. Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani. Kushona nguo sishoni. Suruali hii ameshona mtu mwingine, na ameishona vibaya. Mimi natengeneza mashine yenyewe. Shule nilikaa miaka mitatu tu, lakini cherehani naijua hata nikifumba macho. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Kuna meza ndefu iliyolowa mafuta. Kuna droo za bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini. Kuna dirisha kubwa, na juu ya dirisha kuna waya.

Huo waya usiusahau. Kwetu cherehani haijapona mpaka imeshona. Unaweza kuifungua, ukaisafisha, ukaitia mafuta, ukaifunga. Bado. Lazima uchukue kipande cha kitambaa, ushone mstari mmoja mnyoofu, ukitundike pale kwenye waya. Mwenye mashine akija tunampa mashine yake na kipande chake. Maana kufungua cherehani hata mtoto anaweza, mpe bisibisi tu uone. Fundi ni yule anayeifunga ikashona.

Kazi naifanya na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Ana miaka ishirini na mbili. Tunamwita Bisibisi. Ni mrefu, mwembamba, na akiingia mahali hatoki mpaka kitu kimelegea. Mke wangu anamwita "mume wangu". Mimi namwita "mwizi wa mke wangu".

"Babu," ananiambia tukila, "bibi amenipa nyama kubwa kuliko yako."

"Kula haraka," namjibu. "Ukimaliza umchukue na mwenye nyama. Nimechoka kugombezwa."

Mke wangu anasikia kutoka jikoni. "Gombaneni tu. Mtakufa njaa wote wawili, nami nitaolewa na mwanamume mwenye meno."

Ndivyo tulivyoishi. Vizuri tu.

Basi siku moja wakaja akina mama washonaji. Wana kikundi chao, wanashona sare za shule. Wakatushushia cherehani kumi na mbili kwa mpigo, zote zimekohoa hadi zimechoka. Mwenyekiti wao ni mama mmoja mwenye sauti ya kengele.

"Fundi, nakupa wiki mbili," akasema. "Shule zikifunguliwa, watoto hawatavaa maneno yako."

"Mama, kumi na mbili ni nyingi," nikasema.

Bisibisi akadakia. "Niachie mimi, babu. Wewe siku hizi unatia uzi kwenye sikio lako."

Akaanza kazi. Na alifanya kazi, jamani! Nikiamka asubuhi namkuta mezani, pale pale nilipomwacha. Halali. Hali. Anaongea haraka kama mtu anayekimbiwa na basi. Anafungua mashine hii, anaruka ile, anarudi hii. Mimi nikafurahi. Nikasimama mlangoni nikawatangazia majirani:

"Mnamwona huyu? Kanirithi kabla sijafa! Siku ya tatu hajalala, na hachoki!"

Mke wangu ndiye aliyeona. "Mzee, huyu mume wangu anatafuna mchana kutwa, na mdomoni hana kitu. Anasaga meno tu."

"Anafikiri," nikasema.

"Wewe ukifikiri mbona husagi?"

"Sina meno."

Tukacheka, yakaisha. Na kosa likabaki pale pale.

Siku hizo hizo nilikuta kitu kwenye droo ya bobini. Kijibomba cha kioo, chembamba, mwishoni kina tumbo la mviringo. Ndani kimeungua, kimekuwa cheusi. Nikakigeuza nikakigeuza. Nikasema, kumbe vijana wana vifaa vipya vya kutilia mafuta! Nikakijaza mafuta ya mashine, nikajaribu. Hakifai. Kinamwaga. Nikakifuta vizuri, nikakitia mfuko wa shati, nije nimuulize alikinunua wapi.

Na waya? Waya ulikuwa mtupu. Siku sita, mashine kumi na mbili, kipande hata kimoja hakuna. Miaka yote hii jicho langu la kwanza likiingia karakana linaenda kwenye waya. Siku zile niliutazama na sikuuona. Nilikuwa nimeshiba sifa.

Asubuhi ya siku ya saba naingia, namkuta ameweka sikio kwenye cherehani ya mwenyekiti.

"Babu, njoo usikie. Wanasema."

"Nani?"

"Wamo humu. Wawili. Wananisema mimi. Wanasema wanajua ninapolala."

"Hulali wewe," nikatania.

Hakucheka. Nikamtazama usoni. Jasho linamtoka na asubuhi ni ya baridi. Mboni za macho zimepanuka, macho yote yamekuwa meusi.

Sasa mimi ni fundi. Mashine ikitoa sauti, mimi naifungua. Ndiyo akili niliyo nayo, sina nyingine. Nikachukua bisibisi, nikaifungua ile cherehani mbele yake.

"Haya tazama. Gurudumu hili. Fimbo ya sindano hii. Hili vumbi la nyuzi. Mtu yuko wapi?"

Akachungulia. "Wamehamia ile."

Nikafungua ile. "Tazama. Hamna mtu."

"Wametoka wamekimbilia ile ya kona!"

Nikafungua ya kona. Ndugu yangu, kufika saa sita mchana nilikuwa nimefungua zote kumi na mbili. Skrubu, sindano, mikanda, magurudumu, vyote juu ya shuka moja sakafuni, vimechanganyika kama maharage na mchele. Tangu nizaliwe sijawahi kuchanganya vyuma vya mashine mbili. Siku hiyo nilichanganya vya kumi na mbili, nikifukuza watu wasiokuwepo. Na hawakutoka!

"Wameingia ukutani," akasema. Kisha akanigeukia. Akanitazama kama hanijui. "Ulikuwa unafungua polepole ili watoroke. Babu, na wewe uko nao."

Mtoto niliyemfundisha kushika spana ananiogopa mimi.

Akarudi nyuma mpaka kona. Akaanza kujikuna mkono. "Wadudu! Wako chini ya ngozi! Wanatembea!" Akainama, akaokota bisibisi, akaanza kuwachimba. Damu ikatoka.

Binti yangu alikuwa amerudi kutoka kazini, kiwanda cha sabuni, kuja kula. Akapiga ukelele. Majirani wakajaa dirishani. Huyu anasema, "Karogwa." Yule anasema, "Malaria imepanda kichwani." Mwingine, "Mmwagieni maji ya baridi!" Binti yangu akanyakua mkanda wa cherehani ulioko ukutani, ule wa ngozi.

"Baba, tumfunge mikono! Atajiua!"

Mke wangu akaingia. Kwanza akafunga dirisha, pua za majirani zikabaki nje. Akamnyang'anya binti yetu mkanda, akautupa nyuma ya mlango. Halafu akakaa chini, mbali kidogo na yule mtoto, akanyoosha miguu kama mtu anayepumzika.

"Mume wangu," akasema.

"Usije, bibi! Watakurukia!"

"Siji. Nimekaa hapa hapa. Magoti yananiuma."

Bisibisi anahema.

"Hao wadudu siwaoni," mke wangu akasema. "Sitakudanganya. Lakini naona unaogopa sana. Na naona mkono wako unatoka damu. Damu naiona kwa macho yangu. Twende hospitali ikaoshwe. Tutakaa wawili, mimi na wewe. Hakuna mtu atakayekushika."

"Na babu?"

"Babu yako atakaa mbele na dereva, na hataongea."

"Hawezi."

"Nitamtia uzi mdomoni."

Kona ya mdomo wake ikacheza kidogo. Akaiweka bisibisi chini. Nikaikanyaga.

Jirani yetu mwenye gari la kubebea mboga alitupeleka. Nikakaa mbele. Sikuongea. Ni safari ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda, na ilikuwa ya dakika kumi.

Chumba cha dharura kilikuwa kimejaa. Kuna kitanda cha magurudumu kinapiga kelele, kinahitaji mafuta. Akaja nesi mmoja mwanamume, mwili kama mlango wa ghala, sauti kama anayembembeleza mtoto mchanga. Wenzake wanamwita Taratibu.

Alimtazama Bisibisi mara moja, akatupeleka kwenye chumba kidogo cha pembeni. Akazima taa moja. Akaomba abaki mtu mmoja tu, akabaki mke wangu. Mimi nikasimama nje nikichungulia, maana mlango aliuacha wazi kidogo. Na yeye hakusimama mlangoni. Alisimama pembeni, ili mjukuu wangu aone njia ya kutokea.

"Mimi ni nesi," akasema. "Hapa uko salama. Nataka kuutazama huo mkono. Kabla sijakugusa nitakuambia. Sawa?"

"Wamekutuma?"

"Nimetumwa na huo mkono. Una kiu?"

Akanywa vikombe vitatu. Nesi akamwambia, sasa naosha mkono. Akauosha. Sasa napima joto. Mwili unaungua. Sasa napima mapigo ya moyo. Moyo unakimbia. Akamtoboa kidole apime sukari na malaria. Daktari akaja, mama mfupi mwenye viatu vya raba, akamkagua kichwa kama kimeumia, akamkagua na shingo.

"Tunaweza kukupa dawa ya kutuliza mwili," daktari akasema. "Iko ya kumeza na iko ya sindano. Uchague wewe."

Bisibisi akafikiri. "Sindano namba ngapi?"

Daktari akashangaa. Mimi nikashindwa kunyamaza. "Namba kumi na sita usikubali," nikapaza sauti kutoka nje, "hiyo ni ya kushonea jinzi!"

Mke wangu akatoka, akanisukuma mpaka kwenye benchi. Lakini nakuambia kweli, mtoto alicheka. Akachagua ya kumeza.

Kwenye benchi binti yangu akaninong'oneza. "Baba, wakiuliza, tuseme ni uchovu wa kazi. Tusijiaibishe."

"Si ni uchovu wa kazi?"

Akageuza uso upande wa ukuta.

Taratibu akatoka, akachuchumaa mbele yetu. "Wazee wangu, kuna kitu anatumia? Cha kuvuta, cha kumeza, cha kunusa? Simtafutii kesi. Nataka kujua ninatibu nini."

"Hakuna," binti yangu akasema.

Nikatoa leso mfukoni nijifute jasho, na kile kijibomba kikatoka nayo.

Nesi akakitazama. "Mzee, hicho ni nini?"

"Hiki? Cha kutilia mafuta cherehani. Ni cha mjukuu wangu."

"Umekitumia?"

"Nimejaribu. Hakifai. Kinamwaga."

Nesi akauma mdomo wake wa chini. Nikaona anazuia kitu, kicheko au kilio, sijui. "Mzee wangu," akasema taratibu, "hicho ni cha kuvutia methamphetamini. Watu wanaiita meth, na ina majina mengine mengi. Ni dawa ya kulevya."

Binti yangu akaanza kulia. "Nilikiona wiki iliyopita," akasema. "Niliogopa kuuliza. Nikasema nisipouliza kitapotea."

"Umesema sasa," nesi akamwambia. "Umetusaidia sana. Sasa tunajua."

Nikamuuliza, "Amekuwa kichaa?"

"Nikuulize mimi kwanza. Ile cherehani ya umeme, ukikanyaga pedali siku nne, usiku na mchana, huiachii. Nini kinatokea?"

"Mota inaungua. Swali gani hilo?"

"Basi. Meth inaukanyaga ubongo hivyo. Mwanzoni mtu anajisikia ana nguvu. Halali, hali, anaongea mfululizo, anasaga meno. Kuna wanaofungua vitu na kuvifunga, kuvifungua na kuvifunga, hawawezi kuacha."

"Yeye alifungua tu," nikasema. "Hakufunga." Nikaukumbuka waya. Nikajisikia vibaya.

"Ikizidi, ubongo unaanza kumletea visivyokuwepo. Anasikia sauti. Anahisi wadudu kwenye ngozi. Anaamini watu wanamwinda, hata wale anaowapenda. Hakudanganyi, mzee. Kwake ni kweli, kama unavyoniona mimi hapa."

"Atarudi? Atarudi yule wetu?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalo. Mengine yote yalikuwa maneno tu.

"Wengi hutulia ndani ya siku chache, wakiacha meth na wakalala," Taratibu akasema. "Wengine wiki kadhaa. Wachache zaidi ya hapo. Siwezi kukuapia leo. Tunamlaza, tunaangalia joto, tunaangalia moyo, maana meth inaumiza na moyo. Na akishapona asiguse tena. Akirudia, sauti hizo hurudi upesi kuliko mara ya kwanza, hata kwa kidogo."

Nikamwambia ya cherehani. Nikasema zote, kumi na mbili. Akatazama dari. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Samahani, mzee."

"Cheka, mwanangu."

"Usibishane naye," akasema alipopata pumzi. "Na usikubaliane naye. Ukifungua mashine kuwatafuta, umemwambia labda kweli wamo. Sema tu, mimi siwaoni, lakini naona unaogopa, niko nawe. Nani aliyefanikiwa kumleta?"

Tukamwonyesha mke wangu, amesimama mlangoni kwa mgonjwa. Tukamweleza alivyokaa chini na alivyosema.

"Mama," nesi akasema, "hayo tunafundishwa darasani. Wewe umesomea wapi?"

"Nimelea watoto sita na mume mmoja," mke wangu akasema. "Watoto hawakunisumbua."

Binti yangu akauliza kuhusu ule mkanda. Nesi akatikisa kichwa. Kumfunga mtu wa namna ile kamba kunamzidishia hofu, akasema. Atapigana nayo, na mwili wake tayari una joto kali. Wapo wanaokufa hivyo. Ondoeni vitu vyenye ncha. Ondoeni watazamaji. Zimeni redio. Semeni polepole, mtu mmoja tu. Akikaribia kuwadhuru, tokeni, muombe msaada, msishindane naye.

Bisibisi akalala. Alilala siku nzima na nusu ya pili. Tulikaa kwa zamu. Alipoamka alikula chakula chake, akala cha mama yake, akatazama changu. Nikampa. Halafu akauliza:

"Babu, zile cherehani umezifunga?"

"Ziko kwenye shuka."

"Zote?"

"Zote."

"Pamoja?"

"Pamoja."

Akajifunika blanketi kichwani. Baada ya muda nikasikia sauti humo ndani. "Nani alizifungua?"

"Mimi na wewe. Zaidi mimi."

Akafunua uso. "Mimi nilikuwa nimevuta. Wewe ulikuwa umevuta nini?"

Wodi nzima ikacheka. Mimi nikajua karibu anafika nyumbani.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba njia ilikuwa tambarare. Siku iliyofuata akageukia ukutani, hasemi. Taratibu akaja, akakaa, akamuuliza wazi wazi, "Unawaza kufa? Unawaza kujidhuru?" Nikashtuka. Nikamvuta nesi nje. "Mbona unamkumbusha mambo hayo?"

"Kuuliza hakumtii mawazo mtu," akasema. "Kunampa nafasi ya kuyatoa. Meth ikitoka mwilini, huzuni huja nzito. Ni wakati wa kukaa naye karibu."

Na kweli, mtoto alikuwa amejibu. Jana niliwaza, alisema, leo kidogo. Basi hatukumwacha peke yake hata dakika. Mawazo yale yakapungua kidogo kidogo.

Akaniambia na chanzo. Rafiki yake mmoja, muuza vipuri, alimwambia hii kitu inaondoa usingizi, utamaliza mashine zote.

"Ningelala siku ya tatu, babu," akasema. "Lakini nilikusikia mlangoni ukinisifu kwamba sichoki. Nikaona aibu kulala."

Hayo maneno niliyapokea. Sikuwa na pa kuyaweka, lakini niliyapokea.

Siku ya kutoka tulipewa mpango. Hakuna kidonge cha kumaliza hamu ya meth, daktari akasema. Kuna mshauri kila wiki, kuna kikundi cha wenzake wanaoacha, kuna kukaa mbali na mwenye kuuza, kuna chakula na kulala. Sauti zikirudi, hospitali siku hiyo hiyo.

Tukafika nyumbani, na nani yuko mlangoni? Mwenyekiti na akina mama kumi na mmoja, mikono kiunoni.

"Fundi, mashine zetu."

Nikafungua mlango. Wakaona shuka. Sauti ya kengele ikakatika.

"Ni uchovu wa kazi..." nikaanza.

"Hapana, babu," Bisibisi akasema. "Mama zangu, niliumwa. Nilivuta meth ili nisilale. Nikawa nasikia watu ndani ya mashine zenu. Nilizifungua mimi."

"Na mimi," nikasema.

Mwenyekiti aliinama, akaokota skrubu moja kwenye shuka. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Mdogo wangu alianza hivyo hivyo. Tulimfunga ndani. Hatukujua kama kuna pa kumpeleka." Akajifuta macho, akakunja mikono ya blauzi, akakaa sakafuni. "Haya. Skrubu ndogo zinakaa wapi?"

Wakakaa wote. Ungewaona! Mmoja anapiga kelele, "Gurudumu langu hili, lina mkwaruzo wa siku ya ugomvi na mume wangu!" Mwingine analia, "Nirudishieni mguu wangu!" Kumbe ule mguu wa mashine wa kubana kitambaa. Bisibisi katikati yao anaonyesha, hii iende hapa, ile pale. Mimi nilikuwa wa kutia mafuta. Jua likishuka nafunga dirisha, nasema, "Karakana imefungwa, watu wakalale." Mwenyekiti alinung'unika siku moja tu. Tisa zilimalizika kabla ya shule. Wakashona kwa zamu. Watoto wachache walivaa sare wiki moja baadaye, na hakuna aliyesahau kusoma kwa ajili hiyo.

Yule muuza vipuri alipita siku moja. "Bisibisi, njoo nikupe nguvu." Bisibisi akamjibu, "Nimeacha. Usinifuate hapa tena." Jamaa akaenda. Mjukuu wangu akakaa. "Babu, nimeitamani," akasema. Haikuwa siku yake ya mshauri, lakini tulifunga karakana tukaenda. Mshauri akasema mmefanya sawa, hamu ni kama mvua, ukipata pa kujikinga inapita.

Ikabaki cherehani moja, ya kumi na mbili, ya mwenyekiti mwenyewe. Miezi miwili ilikuwa imepita. Nimekaa napanga bobini. Bisibisi akazungusha gurudumu, akasimama. Akainama. Akaweka sikio kwenye mashine.

Bobini zikanidondoka. Mashine ile ile. Sikio lile lile.

"Unasikia nini?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Shh."

"Mjukuu wangu. Unasikia nini?"

"Chuma kinagusa chuma, babu. Huku chini. Hukisikii?"

"Sisikii kitu."

"Njoo uweke sikio. Usiogope, hamna mtu." Akacheka.

Nikaweka sikio. Akazungusha. Na kweli. Kr, kr, kr. Kijisauti kidogo kama panya anayetafuna karatasi. Nimezeeka nikisikiliza vijisauti vya namna hiyo, na hiki sikukisikia. Yeye alikisikia.

Nikafuta macho kwa kitambaa cha mafuta, yakawasha zaidi. Yeye akalegeza, akarekebisha, akakaza skrubu ya mwisho. Akaifunga. Akachukua kipande cha kitambaa chekundu, akashona mstari, akakitundika kwenye waya.

Mke wangu akaja, akakisogelea. "Umepinda."

"Wapi, bibi?"

"Hapa."

"Hapo umepinda wewe, umeegemea dirisha."

Nilipanda kwenye kigoda nione mwenyewe. Ndiyo siku kigoda kilipovunjika. Mstari ulikuwa mnyoofu kabisa.

Sasa unisikilize. Kama nyumbani kwako kuna mtu halali siku tatu na hachoki, usisimame mlangoni kumsifu. Muulize. Akisikia usiyoyasikia, usimfungulie mashine, usimfunge kamba. Mpeleke hospitali, na useme kila ulichokuta mfukoni na kwenye droo.

Unasikia hiyo sauti chumba cha pili? Huyo ni Bisibisi. Kala mchana, kalala, anakoroma. Sauti mbaya, kama cherehani kavu isiyoona mafuta mwaka mzima.

Miaka hamsini natengeneza mashine zinazopiga kelele. Hiyo sitaigusa.